Njoo Baada ya Wiki Mbili

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kufichwa ndani ya kitabu cha kliniki. Picha zetu za skani huchapwa kwa joto, si kwa wino, kwa hiyo zikikaa juani au zikibanwa na simu kwenye kibeti hufifia mpaka zikawa rangi ya strungi. Hii ilikuwa imefifia pembeni tu. Mama mwenyewe aliitandaza juu ya kitanda, akainyoosha kwa kiganja, akaniambia, "Hii ndiyo uliyonipiga Desemba. Sasa nipige nyingine."

Ilikuwa Machi 2012, na tumbo lake lilikuwa la miezi mitano. Chini ya picha ile, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika kwamba mtoto hana mapigo ya moyo.

Mimi ni mpiga skani. Nilianza na eksirei, nikarudi chuoni kuongeza ultrasaundi, na tangu hapo chumba changu kimekuwa ghorofani juu ya duka la dawa, mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi. Dirisha limezibwa kwa pazia zito ili skrini ionekane vizuri, na makanga wa barabara ya Outering wanaita abiria kutwa nzima pale chini. Wagonjwa huniita daktari. Zamani nilikuwa nawasahihisha, siku hizi nimeacha. Daktari ni yule atakayesoma ripoti yangu na kuamua la kufanya, lakini taa ikizimwa anayetazamwa usoni ni mimi.

Desemba ile mama huyu alikuja kutoka Kayole na matone ya damu. Tulihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, tukapata wiki nane. Alikuwa ametoka kukojoa, kibofu kitupu, na kwenye benchi nje walikuwa wamebaki watu kama kumi. Nikampaka jeli tumboni, nikaona kifuko cha mimba, na ndani yake, ukutani kabisa, kitu kidogo cheupe. Nikapima: milimita 5.4. Nikakitazama. Hakikucheza. Tulivyofundishwa, kiinitete kikifika milimita 5 lazima moyo uonekane ukidunda. Kikifika hapo bila mpigo, mimba imeharibika. 5.4 imezidi 5. Nikaandika. Daktari akasoma, akamwambia arudi Jumatatu asafishwe kizazi.

Hakurudi, na si kwa sababu ya ndoto wala maono. Hakuwa na pesa ya kusafishwa, na tiketi ya basi la Busia la Krismasi alikuwa ameshailipia.

Nilimpiga skani ya pili mikono ikitetemeka. Mtoto alikuwa anageuka, anapiga teke, moyo mapigo 148 kwa dakika. Nilipomaliza niliichukua ile karatasi ya zamani nikaenda nayo chini ya balbu. Unapopima kiinitete unaweka alama mbili kama vijimsalaba, moja kila mwisho, na mashine inakupa umbali kati yake. Msalaba wangu wa kwanza ulikaa sawasawa. Wa pili ulikuwa umevuka mpaka.

Nieleze kidogo. Katika wiki hizo za mwanzo ndani ya kifuko cha mimba kuna kifuko kingine kidogo zaidi, cha kiini, ambacho kwenye skrini kinaonekana kama pete nyeupe. Kiinitete huanza kikiwa kimebanana na pete hiyo, mfano wa kito juu ya pete ya chanda. Mimi nilikuwa nimepima kito pamoja na kipande cha pete. Mtoto mwenyewe, nilipomkadiria pale chini ya balbu, hakuzidi milimita 3. Kwenye milimita 3 moyo unaweza kuonekana, unaweza usionekane, na hakuna binadamu mwenye ruhusa ya kutoa hukumu hapo, hasa akiwa anatazama kupitia tumbo na kibofu kitupu.

Nikamuuliza swali ambalo Desemba sikumuuliza: hedhi yako huja kila baada ya siku ngapi? Akasema, "Arobaini hivi. Wakati mwingine zaidi." Basi. Zile wiki nane zilikuwa za kalenda ya mwanamke wa siku 28. Yai lake lilikuwa limechelewa kutoka, na mtoto alikuwa mdogo kuliko tulivyohesabu, pengine wiki sita na siku chache.

Nilimwambia ukweli wote, kwamba kosa ni langu wala si la mashine. Nilitarajia anitukane. Alinyamaza, akashika kitabu chake, kisha akasema, "Daktari, mimi nilishatoa ushuhuda kanisani. Nilisema alikufa akafufuka. Sasa nitawaambiaje?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Tangu siku hiyo ninafanya kazi kama mtu aliyewahi kuumwa na nyoka. Kabla sijagusa mashine nauliza mzunguko wa hedhi, nauliza kama alikuwa anatumia sindano za kupanga uzazi, nauliza kama ana uhakika na tarehe au ameikisia kwa kukumbuka siku ya mshahara. Wengi hukisia. Halafu najua nitegemee nini. Kwa skani ya ndani, kifuko cha mimba huanza kuonekana karibu na wiki ya tano. Pete ya kiini hufuata kama nusu wiki baadaye. Karibu na wiki ya sita kiinitete kinajitokeza kando ya pete, na kabla hata hujakiona umbo lake sawasawa unaona kitu kikimetameta pale, kama taa ya bodaboda inayopita nyuma ya majani ya ndizi. Huo ndio moyo. Wakati huo bado ni kama kimrija kilichojikunja, hakijagawanyika vyumba vinne, lakini tayari kinasukuma.

Skani ya ndani nilikuwa naiogopa kuliko wagonjwa walivyoiogopa. Ukimwambia mama kwamba tumbo halijaonyesha vizuri na itabidi uingize kifaa ukeni, uso hubadilika. Kuna mume aliyesimama mlangoni akaniuliza, "Hiyo nayo inaenda wapi?" huku ameielekeza kidole kama imemtukana. Nimejifunza kutofanya haraka. Namwonyesha kifaa, namwonyesha kondomu mpya ninayokivisha mbele ya macho yake, namwambia akakojoe kwanza kwa sababu hii haitaki kibofu kilichojaa, na akipenda aingize mwenyewe, mimi nishike mkia tu. Wengi hukubali hapo kwenye kuingiza mwenyewe. Nashangaa kwa nini hakuna aliyenifundisha jambo dogo hivyo darasani.

Halafu kuna suala la sauti. Kila mama siku hizi ana simu mkononi anataka kurekodi "dub-dub-dub" awatumie dada zake. "Mbona hunisikilizishi? Rafiki yangu alisikilizishwa kwingine." Najua. Kuna vyumba vya skani mjini ambako sauti ndiyo biashara yenyewe. Lakini ile sauti hutoka kwa Dopla, njia ya mashine ya kupima mwendo wa damu, na Dopla ya aina hiyo hukusanya nguvu ya mawimbi mahali pamoja na inaweza kupasha joto. Kwa mtoto wa milimita 8 sioni sababu ya kumpasha joto ili shangazi yake wa Nakuru afurahi. Nabonyeza kitufe chenye herufi M. Mstari mmoja unapita juu ya moyo, na chini ya skrini mpigo unajichora kwenda kulia, juu, chini, juu, chini, kama mshono wa zigizaga wa cherehani. Napima kutoka ncha hadi ncha, mashine inanipa idadi kwa dakika. Haina sauti. Njia yenyewe ni ya kizamani. Hugh Robinson wa Glasgow alikuwa ameshachapisha kazi yake ya kuonyesha mapigo ya moyo katika miezi ya mwanzo ya mimba mwaka 1972, kabla sijazaliwa. Mama akitaka kurekodi, arekodi huo mshono. Baada ya wiki 11 hivi, kama kuna haja, nafungua Dopla kwa sekunde chache, nguvu ikiwa chini.

Idadi nayo ina mambo yake. Moyo wa mtoto huyu huanza polepole. Wiki ya sita ukiona 105 au 110, sawa. Kila siku unaongeza mwendo hadi karibu na wiki ya tisa unapofika 170 na zaidi, kisha unaanza kushuka taratibu. Kwa hiyo 110 ya wiki ya sita na 110 ya wiki ya nane si ndugu. Chini ya 90 kwenye wiki ya sita au ya saba hunitia wasiwasi sana. Wengi wa hao mimba zao hazifiki mbali, na nimejifunza kuandika idadi hiyo bila kuipamba na kumwita mama arudi baada ya siku saba au kumi.

Kuna pia kosa la upande wa pili, la kuona mpigo usiokuwepo, na hilo nalo lilitaka kunipata. Ukuta wa kizazi una mishipa ya damu ya mama mwenyewe, na inadunda. Ukitamani sana kuona moyo utauona, hata kwenye mshipa. Ndiyo maana mkono wangu wa kushoto mara nyingi umeshika kifundo cha mkono wa mama wakati wa kulia umeshika kifaa. Wao hudhani nawafariji. Nahesabu. Kama kile kinachocheza kwenye skrini kinakwenda pamoja na vidole vyangu, 82 kwa 82, huyo si mtoto.

Mwisho wa 2013 rafiki yangu tuliyesoma naye alinitumia makala kwa WhatsApp. Jopo la wataalamu wa Marekani lilikuwa limechapisha Oktoba ya mwaka huo, katika jarida la tiba la New England, vigezo vipya. Milimita 5 ilikuwa imeondolewa. Sasa ni 7: kiinitete cha milimita 7 au zaidi bila mpigo ndipo useme mimba imeharibika. Kifuko kitupu kisicho na kiinitete, zamani tulikihukumu kwa milimita 16 au 20, sasa ni 25. Na kama ulimwona mama ana kifuko kitupu bila hata pete ya kiini, mpe angalau wiki mbili. Kama pete ilikuwepo, angalau siku 11. Akirudi na bado hakuna kiinitete chenye mpigo, hapo unaweza kusema. Chini ya hapo unaandika kwamba kuna shaka, na shaka si hukumu. Nilisoma nikiwa kwenye matatu imekwama Donholm, nikasoma tena. Nilimfikiria yule mama wa basi la Busia. Kisha nikawafikiria wengine ambao hawakuwa na tiketi ya basi, wale waliorudi Jumatatu, na hapo niliizima simu.

Nilichapisha zile namba nikazibandika ukutani juu ya mashine. Mwenye kliniki hakufurahi. Kwake kila "njoo baada ya wiki mbili" ni mgonjwa atakayekwenda kwa jirani, au atakayerudi akidai asilipe tena. Tulivutana mpaka tukakubaliana skani ya marudio iwe nusu bei. Bado hunitupia jicho.

Nilidhani nimefika. Nilikuwa nimejifunza kutosema "hapana" mapema; sikujua kwamba hata "ndiyo" inaweza kukutoka kupitia sauti tu.

Mwaka 2018 alikuja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Githurai, mimba yake ya kwanza baada ya miaka sita ya kutafuta. Kifuko kipo, pete ya kiini ipo, mtoto bado. Kwa kalenda ilikuwa inawezekana. Nikamwambia kwa tabasamu, "Usijali, ni mapema tu. Njoo baada ya wiki mbili." Alirudi siku ya 14, saa moja na nusu asubuhi, kabla sijafungua pazia, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda harusini. Kifuko kilikuwa kimekua kidogo. Kando ya pete kulikuwa na kiinitete cha milimita 4. Nilitazama dakika nzima kwa saa ya ukutani. Nikapitisha mstari wa M ukatoka umenyooka kama uzi. Nikamwita mwenzangu naye akatazama. Milimita 4 peke yake isingenitosha, lakini siku 14 baada ya pete zilitosha.

Nilizima skrini, nikawasha taa, nikamwambia moyo haukuanza na mimba hii haitaendelea. Hakulia. Alijifuta jeli kwa makini, akakunja tishu mraba, akasema, "Si ulisema nisijali?"

Lile neno nimelitoa kinywani. Kwa Kiswahili ni tamu mno, "usijali", linateleza lenyewe, unalitoa kama unavyotoa "pole" na "karibu". Siku hizi nasema hivi: "Mama, leo sijaona cha kunitosha kusema ndiyo wala hapana. Inaweza kuwa ni changa, inaweza kuwa haiendelei. Siku 14 ndizo zitakazotuonyesha." Wengine hukasirika. "Mashine yote hiyo na hujui?" Nakubali. Halafu naongeza yale ya kutongoja tarehe: maumivu makali upande mmoja, kizunguzungu, bega kuuma bila sababu, damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine. Hapo usije kwangu, nenda hospitali kubwa moja kwa moja, hata kama ni usiku. Hasa nikiwa sijaona chochote ndani ya kizazi na kipimo cha mkojo kinasema mimba ipo. Kizazi kitupu hunitisha kuliko moyo usiodunda, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi humwua mama mwenyewe.

Kuna mama mmoja wa Eastleigh aliyenisukuma kusoma zaidi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na tundu kwenye moyo, akafariki kabla ya kutimiza mwaka. Alikuja na mimba ya wiki 12, akalala, akasema, "Sitaki kujua kama unadunda. Nataka kujua umeumbwaje." Wakati huo mimi nilikuwa mtu wa mpigo tu, upo, haupo, mara ngapi. Nilimtuma kwa daktari bingwa, kisha nikaomba likizo ya siku chache nikaenda kukaa nyuma ya kiti cha mtu anayeweza.

Mtoto wa wiki 12 ana kama sentimita 5 na nusu kutoka utosini hadi matakoni. Moyo wake ni mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, lakini tayari una vyumba vinne, na ukiwa na mashine nzuri na subira, ukawasha rangi za Dopla, unaona mikondo miwili ya damu ikishuka sambamba kuingia vyumba vya chini, ikitenganishwa na mstari mweusi. Ukiona mkondo mmoja tu, au mmoja mnene na mwingine kama uzi, unatuma mgonjwa mbele. Unapima pia ule utando wa maji nyuma ya shingo; ukivuka milimita 3.5, hata chembe za urithi zikikutwa salama, moyo unataka kuangaliwa na bingwa. Kasoro za moyo hupata kama watoto 8 katika kila 1,000 wanaozaliwa, na wengi wao mama zao hawana historia yoyote, kwa hiyo kungoja mwenye historia peke yake ni kujidanganya. Ila wiki 12 haitoi cheti. Matundu madogo hayaonekani, kasoro nyingine hujitokeza baadaye. Namwambia kila mmoja arudi kati ya wiki 18 na 22, na wa Eastleigh namwambia mara mbili.

Jumanne iliyopita msichana wa miaka 23 hivi alikuja na mama mkwe wake. Wiki saba kwa tarehe, mzunguko wa siku 30, tarehe anaijua kwa sababu aliiandika kwenye simu. Mama mkwe aliketi kwenye kiti cha plastiki ameshika mkoba wa wote wawili. Nilizima taa, nikapata kifuko, nikapata pete, na kando ya pete kitu kilimetameta. Nikasogeza mkono nikuze picha, na stima ikapotea.

Giza totoro. Feni ya mashine ilinyamaza, chini makanga wakapiga mluzi. Ile betri ya kutuvusha ilikufa mwaka juzi, tunaambiwa itanunuliwa. Tukabaki watatu, hakuna anayeona mwenzake, kifaa bado mkononi mwangu.

"Daktari," msichana akasema. "Uliuona?"

"Niliona kitu kikicheza."

"Ni moyo?"

"Sijapima bado. Stima ikirudi tutahesabu."

Mama mkwe akaguna kwenye kiti chake. Nilimsikia akifungua zipu ya mkoba, akaifunga, akaifungua tena. Chini mlinzi alivuta kamba ya jenereta mara moja, mara mbili, mara ya nne ikakohoa ikashika. Mashine ilichukua dakika tatu kuamka. Nikaanza upya, kifuko, pete, mtoto. Milimita 9, msalaba wa pili nimeuweka nje ya pete, nikauangalia tena. Mkono wa kushoto kwenye kifundo chake: 94. Nikabonyeza M, mshono ukaanza kujichora.

"128," nikasema.

"Hiyo ni mingi au kidogo?" akauliza mama mkwe kutoka gizani.

"Kwa wiki saba, mama, inatosha."